Uliza Maji Kwanza: Somo la Kupwa na Kujaa kwa Wanaozuru Mwambao wa Kilifi

Likizo za shule zikifunguliwa na sikukuu zikikaribia, matatu kutoka Ganze, Bamba, Kaloleni na Mariakani huteremka pwani zikiwa zimejaa familia. Wengine ni watoto wanaoiona bahari kwa mara ya kwanza, ingawa wamezaliwa katika kaunti hii hii. Wanafika Watamu, Malindi, Takaungu au Bofa, wanavua viatu na kuingia majini. Wachache huuliza swali ambalo mvuvi yeyote huuliza kabla hajashika kasia: maji yanapwa au yanajaa?

Swali hilo limo ndani ya jina la mahali penyewe. Neno "pwani" linatokana na kitenzi "kupwa". Pwani ni pale maji yanapopwa, ardhi ambayo kwa saa chache ni nchi kavu na kwa saa nyingine ni bahari. Vivutio vingi vya Kilifi vimo katika ukanda huo au kando yake: matumbawe, mapango, mikoko, miamba na midomo ya mito. Anayeijua saa ya maji huviona vikiwa katika uzuri wao na kurudi nyumbani salama. Asiyeijua huenda akafika wakati ambapo hakuna cha kuona, au akajikuta amezingirwa na maji.

Somo hili linaeleza jinsi maji yanavyokwenda, jinsi ya kuyahesabu bila chombo chochote, na mahali gani panafaa kuzuriwa wakati gani.

Kwa nini maji hupwa na kujaa

Mwezi huvuta maji ya bahari. Jua pia huyavuta, lakini kwa nguvu ndogo zaidi kwa sababu liko mbali sana. Dunia inapozunguka, mvuto huo hufanya maji ya pwani yetu yajae mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka maji yakiwa yamepwa kabisa hadi yajae kabisa hupita zaidi kidogo ya saa 6.

Zile dakika 50 za ziada zina maana kubwa. Ndizo zinazofanya saa ya maji isilingane na saa ya ukutani. Ikiwa leo maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa tano kasoro dakika 10, na keshokutwa karibu na saa sita kasoro dakika 20. Kwa hiyo mtu aliyetembea juu ya mwamba Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi asidhani kwamba Jumamosi hii saa nne atakuta hali ileile. Baada ya wiki moja mambo huwa karibu yamegeuka: palipokuwa pakavu pana maji.

Bamvua na maji mafu

Wazee wa pwani huhesabu maji kwa mwezi wa angani. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Bamvua huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baada ya mwandamo au baada ya mwezi mpevu. Katika pwani ya Kenya, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa wakati wa bamvua kubwa hufikia karibu mita 4.

Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pande tofauti. Hapo ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na tofauti huwa ya mita moja hivi.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa pwani hulijua kwa mazoea. Siku za bamvua, maji ya mchana hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita, kisha hujaa kuelekea saa kumi na saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri. Hivyo mtu akitazama tu umbo la mwezi usiku, anaweza kukisia hali ya ufuo kesho yake. Anayetaka uhakika atazame jedwali la maji ambalo Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA) hutoa kwa bandari ya Mombasa, au amuulize nahodha wa eneo hilo. Tofauti ya saa kati ya Mombasa na fuo za Kilifi ni ndogo.

Hesabu ya saa sita

Watu wengi huamini kwamba maji hupanda kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Hivyo sivyo, na kosa hili ndilo hatari zaidi. Maji huanza polepole, hukimbia katikati, kisha hupunguza mwendo. Mabaharia hugawa kina chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1.

Tuchukue siku ya bamvua ambapo tofauti ya maji ni mita 3.6, na maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi:

- Kufikia saa tano asubuhi yamepanda sentimita 30.
- Kufikia saa sita mchana yamepanda sentimita 90.
- Kufikia saa saba yamepanda sentimita 180.
- Kufikia saa nane yamepanda sentimita 270.
- Kufikia saa tisa yamepanda sentimita 330.
- Kufikia saa kumi jioni yamepanda sentimita 360.

Tazama kati ya saa sita na saa saba. Katika saa moja maji yameongezeka kwa sentimita 90. Kabla ya hapo mtu huona yakisogea kidogo kidogo na kusema bado kuna wakati. Ndiyo maana wengi hukamatwa: saa ya kwanza huwadanganya.

Siku ya maji mafu yenye tofauti ya mita 1.2, kwa hesabu ileile, saa ya kwanza hupanda sentimita 10 tu, na ile ya tatu sentimita 30. Kutembea ni salama zaidi, ila mwamba hautokezi sana, na mambo ya kuona huwa machache.

Kuna mtego mwingine. Katika fuo zetu nyingi, mwamba wa nje umeinuka, na kati yake na mchanga kuna sehemu ya chini yenye kina. Maji yanapoanza kujaa, hupenya kwanza kwenye milango ya mwamba na kujaza sehemu hiyo ya chini. Mtu aliye juu ya mwamba anaona maji yakigusa vifundo vya miguu na kutulia, kumbe nyuma yake njia ya kurudia imeshafika kifuani. Mwenye mtoto mgongoni au asiyejua kuogelea hapo hana pa kupita.

Kanuni ya wavuvi wa pweza ni fupi: toka na maji yanayopwa, rudi kabla hayajageuka. Kwa mfano wetu, anayetaka kutembea juu ya mwamba atoke saa mbili na nusu asubuhi, afurahie, na kufikia saa nne awe ameanza safari ya kurudi.

Mwamba wenyewe

Majabali ya Kilifi ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe yaliota pale ambapo sasa ni nchi kavu. Bahari iliposhuka, yaliachwa nje yakawa mawe. Hayo ndiyo mawe yaliyojenga misikiti na nyumba za Gede na Mnarani, na ndiyo yanayounda majabali ya Vuma huko Takaungu, visiwa vidogo vya Watamu, na rasi ya Malindi yenye nguzo inayokumbusha kufika kwa Vasco da Gama mwaka wa 1498.

Jiwe la matumbawe huliwa na maji ya chumvi. Pale maji yanapopanda na kushuka kila siku, mawimbi na viumbe vidogo hulichimba kwa chini, huku juu likibaki limetokeza kama ukingo wa paa. Katika visiwa vya Watamu maji yakipwa, umbo hilo huonekana wazi: visiwa vinafanana na uyoga. Majabali ya Vuma yamechimbwa vivyo hivyo, lakini anayesimama juu hawezi kuuona uwazi ulio chini ya miguu yake.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda Vuma kutazama mawimbi yakipasuka na kurusha povu juu asimame hatua 10 au zaidi nyuma ya ukingo. Asikae ukingoni kwa ajili ya picha. Asishuke chini maji yanapojaa, kwani wimbi moja kubwa kuliko yaliyotangulia linatosha kumchukua mtu. Wanaopiga kambi wafunge mahema mbali na ukingo, na watoto washikwe mkono. Viatu vya kufunga ni lazima, kwa kuwa jiwe hilo lina ncha kali kama wembe.

Mahali na wakati wake

*Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu.* Zilianzishwa mwaka wa 1968 na ndizo hifadhi za kwanza za bahari nchini Kenya. Husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ada hulipwa kupitia eCitizen. Matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa yamepwa au yakikaribia kupwa, kwa sababu mwamba wa nje huzuia mawimbi na samaki huwa karibu na macho. Hata anayebaki ndani ya boti ya kioo huona mengi. Kuokota simbi, kiti cha pweza au kipande cha tumbawe ndani ya hifadhi ni kosa. Kukanyaga tumbawe hai nako ni kuliua, kwani hukua milimita chache tu kwa mwaka katika aina nyingi. Matumbawe haya yana maadui wengine pia: mwaka wa 1998 joto la bahari lilipopanda, sehemu kubwa ilibadilika rangi kuwa nyeupe na kufa. Yaliyopona na kuota tena hayahitaji uzito wa mguu wa mgeni.

*Hori la Mida.* Hapa kuna nyakati mbili nzuri. Maji yakiwa yamejaa, mtumbwi hupita katikati ya mikoko kwa utulivu. Maji yakiwa yamepwa, tope hubaki wazi na ndege hutawanyika mbali wakitafuta kaa na minyoo. Wanaopenda ndege wafike maji yanapoanza kujaa, kwani ndege husukumwa taratibu kuelekea daraja la mbao na kibanda cha kutazamia. Kati ya Septemba na Aprili huwapo ndege wengi waliohama kutoka Ulaya na Asia. Mdomo wa hori si mahali pa kuogelea: maji yote ya Mida huingia na kutoka kwa mlango huo, na mkondo wake ni mkali.

*Kuruwitu, karibu na Vipingo.* Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa hapa, walipoona samaki wanapungua, walikubaliana kufunga sehemu ya bahari ya takriban hekta 30 isivuliwe kabisa. Samaki walirudi, na wageni wakaanza kuja kuwatazama wakiongozwa na wenyeji. Ni somo kwa vijiji vingine vya mwambao: samaki aliye hai anaweza kulipa zaidi ya mara moja.

*Mdomo wa Sabaki.* Kaskazini ya Malindi, mto huu huingia baharini ukiwa na udongo wa bara nzima. Kuna ndege wengi, vichuguu vya mchanga, na viboko pia. Mgeni aende na kiongozi wa kijiji, asikaribie viboko jioni, na asijaribu kuvuka mdomo kwa miguu.

*Marafa.* Bonde hili la Magarini, ambalo wenyeji huliita Nyari, liko bara, lakini nalo limechongwa na maji: maji ya mvua, yakisaidiwa na upepo. Udongo wake mwekundu, wa waridi, wa manjano na mweupe umekatwa kuwa minara na makorongo. Masimulizi ya hapa husema kwamba paliishi jamaa tajiri waliooga maziwa badala ya maji, na ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa yao na wekundu ni damu yao. Wakati mzuri ni kuanzia saa kumi jioni, jua linapolegea na rangi kuwaka. Mchana kule chini huwa na joto kali, na baada ya mvua kingo huporomoka. Mgeni afuate njia ya kiongozi, asipande minara.

*Siku ambayo bahari haifai.* Bahari ikichafuka, Kilifi bado ina mengi. Magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024, yako ndani ya kivuli cha miti. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa karibu kilomita mraba 420, uko jirani na una ndege na wanyama ambao hawapatikani kwa urahisi kwingineko duniani. Makaya ya Wamijikenda nayo yamo katika orodha ya UNESCO tangu 2008. Haya ni mahali patakatifu: huingiwa kwa idhini ya wazee na kwa kufuata masharti yao.

Pepo za mwaka

Maji husomwa pamoja na upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na ndipo maji ya hifadhi huwa maangavu zaidi. Kusi huanza Aprili na huwa kali kati ya Juni na Agosti. Bahari huchafuka na boti ndogo hukaa ufuoni. Hata hivyo kusi ina faida zake. Wanaoteleza juu ya maji kwa tiara huifurahia, na kati ya Julai na Septemba nyangumi kutoka bahari za kusini hupita mbele ya Watamu. Matlai, upepo mwanana kati ya misimu hiyo miwili, huleta bahari tulivu.

Ujuzi huu ni kazi pia

Kijana wa boti anayemwambia mgeni ukweli, kwamba leo maji ya kutazama matumbawe ni saa tano na si saa tisa, hapotezi mteja. Humpeleka Gede asubuhi, baharini saa tano, na Mida maji yanapojaa. Amepanga siku nzima badala ya safari moja, na mama anayepika samaki na mwenye tuktuk nao wamepata chao. Anayempeleka mgeni saa isiyofaa ili mradi apate nauli, amemwonyesha maji ya matope na hatamwona tena.

Kabla ya kuondoka nyumbani

1. Tazama mwezi na uulize saa ya maji. Mtu wa kuulizwa ni mvuvi, nahodha au afisa wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU).
2. Mweleze mtu anayebaki unakokwenda na saa ya kurudi.
3. Katika boti, kila abiria avae jaketi la kujiokolea, hata kama safari ni ya dakika 10. Boti isiyo na jaketi za kutosha isipandwe.
4. Ukitembea kwenye maji madogo, vaa viatu na uburure miguu mchangani ili taa aliyejificha akusikie na kuondoka. Konokono mwenye umbo la koni asishikwe, hata akiwa mzuri namna gani: wote wana sumu.
5. Mkondo ukikuvuta, usishindane nao. Elea, ogelea kwa kuukata kando hadi utoke, kisha ndipo uelekee ufuoni.
6. Ukimwona mtu anazama na wewe si mwogeleaji hodari, mrushie kamba, dumu tupu au ubao, na upige kelele. Nambari za dharura ni 999 na 112.
7. Usiku, usiwashe moto wala taa kali mahali kasa wanapotagia. Taka zote zirudi na aliyezileta.

Maswali ya kujipima

Familia moja imefika Watamu saa sita mchana, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Maji yalipwa kabisa saa tano asubuhi. Watoto wanataka kutembea hadi mwamba wa nje. Je, waende?

*Jibu:* Wasiende. Ni bamvua, na maji yamekuwa yakijaa kwa saa moja. Saa tatu zinazofuata ndizo ambazo maji hupanda zaidi. Wacheze kwenye mchanga chini ya uangalizi wa mtu mzima, na wakitaka mwamba, kesho maji yatapwa kabisa karibu na saa sita kasoro dakika 10. Watoke baada ya saa nne asubuhi, na wawe wamegeuka kabla ya saa hiyo ya kupwa.

Mwalimu wa Ganze anataka kuleta wanafunzi waone matumbawe asubuhi, naye anaweza kuchagua siku moja kati ya mbili: siku ya mwezi nusu, au siku ya mwezi mpevu. Achague ipi?

*Jibu:* Siku ya mwezi mpevu, kwa kuwa wakati wa bamvua maji hupwa asubuhi na matumbawe huwa karibu. Siku ya mwezi nusu maji yatakuwa yamejaa asubuhi. Lakini apange wanafunzi wawe wametoka majini kabla maji hayajageuka, na ahesabu vichwa wakienda na wakirudi.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa bahari ya Kilifi, wingi huo unajulikana kabla ya kufika. Mwezi u juu, mvuvi yu ufuoni, na kuuliza hakulipiwi.